Kusanifu mstatili wa DNA iliyokunjwa: kutoka hesabu ya mizunguko hadi picha ya hadubini

Mwongozo huu ni wa mtu anayesanifu umbo lake la kwanza la DNA iliyokunjwa. Umbo nililolichagua ni mstatili bapa wenye urefu wa karibu nanomita 96 na upana wa karibu nanomita 70. Ni jamaa wa karibu wa mstatili uliokuwa miongoni mwa maumbo aliyoyachapisha Paul Rothemund wa Caltech, nchini Marekani, mwaka 2006, pamoja na nyota, pembetatu na uso unaotabasamu. Yako maumbo yanayovutia zaidi, likiwemo sanduku lenye kifuniko lililotengenezwa Aarhus, Denmark, mwaka 2009, lakini mstatili una sifa ninayoithamini kuliko uzuri: hesabu yake yote huenea katika ukurasa mmoja, na kosa la hesabu hiyo hujitokeza lenyewe katika picha ya mwisho.

Ninaandika nikiamini kwamba umbo la namna hii hufanikiwa au hushindwa mezani pa msanifu, kabla ya tone la kwanza kuingia kwenye kichupa. Kazi ya maabara inayofuata ni fupi, na kwa umbo bapa haina ugumu mkubwa. Ni jambo la kumtia moyo mwanafunzi wa Dodoma, Eldoret au Bukavu ambaye chuo chake hakina hadubini ya kuonea vitu vidogo kiasi hiki, kwa kuwa hatua zote za usanifu zinahitaji kompyuta ya kawaida, karatasi ya miraba, penseli na muda wa kutosha.

Wazo lenyewe

DNA tunayoifahamu darasani ni nyuzi mbili zilizozungukana na kufanya heliksi, ambapo besi, yaani herufi nne za kemikali zilizopangwa kwenye kila uzi, hushikana kwa jozi: A na T, na G na C. Mwaka 1982 mwanasayansi Ned Seeman alipendekeza kwamba kanuni hiyo ya kushikana itumike kujengea, yaani DNA ichukuliwe kama malighafi badala ya kuchukuliwa kama hifadhi ya taarifa za urithi. Alichokiongeza Rothemund ni njia rahisi: chukua uzi mmoja mrefu sana wa DNA, kisha uukunje kwa kutumia mamia ya nyuzi fupi ambazo kila moja inashika sehemu mbili au tatu za uzi mrefu zilizo mbalimbali na kuzivuta ziwe jirani.

Msomaji aliyekulia pwani ameliona jambo hili nyumbani. Mkeka hausukwi wote kwa mara moja. Kwanza husukwa ukili, ukanda mwembamba mrefu wa miyaa, kisha ukili huo hulazwa ubavu kwa ubavu na kushonwa mstari baada ya mstari mpaka upana utimie. Ukili wetu ni ule uzi mrefu wa DNA, ambao nitauita uzi mkuu, na zile nyuzi fupi nitaziita nyuzi za mshono. Mshonaji wa mkeka ana macho na sindano. Sisi tunamimina nyuzi zote katika kichupa kimoja na kuziacha zitafute mahali pake zenyewe, kwa hiyo maelekezo yote lazima yawe yameandikwa tayari ndani ya mfuatano wa besi za kila uzi.

Hatua ya kwanza: vipimo na bajeti

Andika vipimo vinne juu ya karatasi yako na usivifute mpaka mwisho. Heliksi moja ya DNA ina unene wa nanomita 2. Kila jozi ya besi huongeza urefu wa nanomita 0.34. Mzunguko mmoja kamili wa heliksi huchukua takriban jozi 10.5. Heliksi mbili zilizoshonwa pamoja hazigusani kwa urefu wote, kwani zina chaji hasi na husukumana baina ya mshono na mshono, kwa hiyo umbali kutoka kitovu cha moja hadi kitovu cha jirani yake huhesabiwa kuwa karibu nanomita 3, si 2.

Uzi mkuu unaotumiwa zaidi ni M13mp18, ambao ni DNA ya kirusi kinachoshambulia bakteria aina ya E. coli. Uzi huo ni mmoja tu, usio na mwenzake, umeungana ncha kwa ncha ukafanya duara, na una nyukleotidi 7249, yaani vijenzi vya uzi ambavyo kila kimoja kina besi moja. Idadi hiyo ndiyo bajeti yako. Kwa heliksi 24 zenye urefu wa jozi 288 kila moja utatumia 24 × 288, yaani nyukleotidi 6912, na 337 zitabaki bila kazi. Hizo usizikate. Ziache zining'inie kama kitanzi pembezoni mwa mstatili, na ikiwezekana lile eneo la M13 linalopenda kujikunja lenyewe kwa nguvu liangukie ndani ya kitanzi hicho, kwa kuwa nyuzi za mshono hupata shida kulifungua.

Upana utakuwa 24 × 3, yaani nanomita 72, na urefu 288 × 0.34, yaani karibu nanomita 98, ambao utapungua kidogo katika hatua ya nne.

Nimeulizwa mara kwa mara kwa nini 24 na 288, na kwa nini isiwe 25 na 280. Swali hilo linastahili jibu refu, kwa sababu jibu lake ndilo linalomtenganisha msanifu na mtu anayenakili mchoro wa mwenzake. Idadi ya heliksi lazima iwe shufwa kwa sababu uzi mkuu ni duara na lazima urudi ulipoanzia, jambo utakaloliona kwa macho mara tu utakapochora njia yake. Ama urefu wa 288, huo unagawanyika kwa 32 bila baki, na 32 ndiyo hatua ya marudio ya mshono wetu. Na nusu yake, 144, ni sawa na mizunguko 13 na nusu katika gridi tunayoitumia, ambayo huhesabu jozi 32 kwa kila mizunguko mitatu. Hiyo nusu ya ziada ndiyo ya muhimu. Uzi ulioingia katika heliksi ukitokea kwa jirani wa juu, ukizunguka mara 13 kamili, hujikuta tena unatazama juu. Ukizunguka mara 13 na nusu, unatazama chini, tayari kuvuka kwenda kwa jirani wa chini bila kujipinda.

Hatua ya pili: njia ya uzi mkuu

Chora mistari 24 ya mlalo na uipe namba kutoka 0 juu hadi 23 chini. Gawa upana wa mchoro katika safuwima 288, kuanzia 0 kushoto hadi 287 kulia, kisha weka alama katikati, baina ya safuwima ya 143 na ya 144. Alama hiyo ni mpasuo, mahali ambapo uzi mkuu wa upande wa kushoto na ule wa upande wa kulia hukutana bila kuungana, isipokuwa katika heliksi ya juu kabisa na ya chini kabisa.

Sasa weka penseli kwenye heliksi ya 0, upande wa kulia, na uende kushoto mpaka ukingoni. Shuka kwenye heliksi ya 1, rudi kulia mpaka kwenye mpasuo, shuka kwenye heliksi ya 2, nenda kushoto mpaka ukingoni, na uendelee hivyo hivyo kwa kupinda huku na huku. Ukifika heliksi ya 23 utakuwa unaelekea kulia, kwa hiyo upite moja kwa moja juu ya mpasuo mpaka ukingo wa kulia, kisha uanze kupanda kwa mtindo uleule katika nusu ya kulia mpaka urudi heliksi ya 0. Duara limefunga. Jaribu kufanya hivyo kwa heliksi 25 na utaona kwamba penseli inafika chini ikiwa inaelekea ukingo wa kushoto, haina njia ya kuvuka mpasuo. Dakika tano za zoezi hilo zinafaa kuliko aya nzima ya maelezo.

Ukiridhika na mchoro wa karatasi, uhamishie kwenye programu. Kuna caDNAno, iliyotoka mwaka 2009 na ambayo michoro mingi iliyopo imechorwa nayo, na kuna scadnano, ambayo hufunguka ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote. Zote mbili hazilipiwi. Kwa anayeanza leo napendekeza scadnano, kwa kuwa mchoro wake huhifadhiwa kama faili ya maandishi inayosomeka, na mtu anayejua Python kidogo anaweza kuandika mstatili mzima kwa mistari michache ya msimbo badala ya kubofya mamia ya mara.

Hatua ya tatu: vivuko

Kivuko ni mahali ambapo uzi wa mshono huiacha heliksi moja na kuingia ya jirani. Hapa ndipo penye moyo wa usanifu wote. Uzi wa DNA huzunguka mhimili wa heliksi kama mtu anayepanda ngazi za mnara, na kwa kila ngazi huwa unatazama upande tofauti. Kuvuka kunawezekana pale tu ambapo uzi unamtazama jirani anayekusudiwa. Ukilazimisha kivuko pengine, programu itakuchorea mstari mzuri tu, lakini molekuli halisi itapinda au itakataa.

Katika mstatili bapa kila heliksi ina majirani wawili, wa juu na wa chini, na pande zao zinatofautiana kwa nusu mzunguko. Kwa hiyo vivuko vinavyofuatana katika heliksi moja huwekwa umbali wa mzunguko mmoja na nusu, na kwa gridi ya jozi 32 kwa kila mizunguko mitatu, umbali huo ni jozi 16. Kivuko cha kwenda juu, kisha jozi 16, kivuko cha kwenda chini, kisha jozi 16, cha juu tena.

Tuufuate uzi mmoja wa mshono kwa karibu, besi kwa besi. Ncha yake ya mwanzo, iitwayo 5′, iko katika heliksi ya 4, safuwima ya 72. Unakwenda kulia kwa besi 8 mpaka safuwima ya 79, na hapo unavuka kushuka heliksi ya 5. Katika heliksi ya 5 unarudi kushoto kutoka 79 hadi 64, besi 16. Katika safuwima ya 64 unavuka tena kuingia heliksi ya 6, ukaenda kulia kwa besi 8 za mwisho, na kuishia safuwima ya 71 kwa ncha yake ya mwisho, iitwayo 3′. Jumla ni besi 32, na umbo lake mchoroni linakaribia herufi Z. Zile besi 16 za katikati ndizo mshiko mkuu, na mikono miwili ya besi 8 huwavuta majirani. Angalia pia mwelekeo: uzi wa mshono daima huenda kinyume na uzi mkuu ndani ya heliksi ileile, kwa hiyo ukiona mchoroni nyuzi hizo mbili zinakwenda sambamba upande mmoja, ujue umekosea.

Rudia mpangilio huo katika mstatili wote na utapata nyuzi 6912 ÷ 32, yaani 216. Kwenye mpasuo na kwenye kingo mpangilio hukatizwa, na nyuzi za hapo hupangwa moja moja. Usikubali mpasuo ubaki bila nyuzi zinazoupita kutoka kushoto kwenda kulia, kwa kuwa hizo ndizo zinazozuia mstatili usifunguke katikati kama kitabu.

Mpangilio huu una faida moja iliyojificha. Kila mahali uzi mmoja wa mshono unapoishia na mwingine kuanza ni jozi 8 kutoka kwenye kivuko, yaani robo tatu za mzunguko, na kwa hiyo ncha zote za nyuzi za mshono hutazama upande uleule wa bapa. Ukitaka kubandika kitu juu ya mstatili, iwe chembe ya dhahabu au protini, unarefusha ncha ya uzi ulio mahali unapopahitaji, na utakuwa unajua kitu hicho kitakaa upande gani.

Hatua ya nne: kuondoa msokoto

Gridi yetu inadai jozi 32 kwa mizunguko mitatu, sawa na jozi 10.67 kwa mzunguko, ilhali DNA iliyoachwa huru hupenda 10.5. Tofauti hiyo inaonekana ndogo. Izidishe kwa urefu wa mstatili: gridi inahesabu mizunguko 27 katika jozi 288, na DNA inataka 27.43. Heliksi zote 24 zinasukuma kurudi kwenye hali yake ya asili kwa wakati mmoja, na kwa kuwa zimeshonwa pamoja, bapa zima husokoteka kama jani la muwa linalokauka.

Dawa yake ni kufuta jozi moja katika kila jozi 48 za kila heliksi. Katika jozi 288 utafuta 6, zitabaki 282 kwa mizunguko 27 ileile, yaani 10.44 kwa mzunguko, ambayo iko karibu zaidi na asili kuliko 10.67. Bajeti nayo hubadilika: jozi 144 zimefutwa katika mstatili mzima, nyukleotidi zinazotumika ni 6768, kitanzi kinaongezeka hadi 481, na urefu unashuka hadi nanomita 96 hivi. Weka kila mfuto katikati ya kipande, mbali na vivuko, na ukumbuke kwamba uzi wa mshono unaopita hapo hupungukiwa na besi moja.

Wapo wanaoruka hatua hii kwa sababu mstatili uliosokoteka hulazwa bapa na uso wa mika, madini yanayobanduka tabaka kwa tabaka, wakati wa kupiga picha, na kasoro isionekane. Mimi siwaungi mkono. Mstatili huo ukiunganishwa na mwenzake, au ukitumiwa ukiwa ndani ya myeyusho, msokoto utajidhihirisha, na wakati huo nyuzi zitakuwa zimeshanunuliwa. Inafaa kujua pia kwamba kilicho kasoro kwetu kimewahi kugeuzwa zana: mwaka 2009 Hendrik Dietz, Shawn Douglas na William Shih walionyesha kwamba kwa kufuta na kuongeza jozi kwa makusudi mtu anaweza kusokota na kupinda maumbo kwa kiasi anachokitaka.

Hatua ya tano: kingo

Miisho ya heliksi iliyo wazi hupenda kugandamana na miisho ya heliksi nyingine, kama sarafu zinavyopangana. Mstatili wenye heliksi 24 zilizokatika sawasawa kila upande utashikamana na wenzake na kufanya mlolongo mrefu. Ama uziache nje nyuzi za mshono za ukingoni kabisa, ama uzirefushe kwa besi nne za T ambazo hazina mwenza. Napendelea T, kwa kuwa ukingo ulioachwa bila mshono huyumbayumba.

Hatua ya sita: mfuatano wa besi na majaribio ya kompyuta

Mpaka hapa mchoro hauna herufi hata moja. Sasa ingiza mfuatano wa uzi mkuu kwenye programu, nayo itaandika mfuatano wa kila uzi wa mshono. Chukua mfuatano wa toleo lilelile utakalolinunua, kwa sababu yapo matoleo marefu zaidi ya M13, yakiwemo ya nyukleotidi 7560 na 8064, na mfuatano wa toleo moja hautafaa kwa jingine. Amua pia safuwima ambayo nyukleotidi ya kwanza ya duara itaangukia, uiandike kwenye daftari, na usiibadilishe tena. Ukiisogeza hata kwa besi moja baada ya kuagiza, nyuzi zote 216 zitakuwa hazina maana.

Kabla ya kuiamini programu, hakiki uzi mmoja kwa mkono. Iwapo kipande cha uzi mkuu kinasomeka 5′-GATTCCAG-3′, kipande cha mshono kinachokishika lazima kisomeke 5′-CTGGAATC-3′: kila besi imebadilishwa kwa mwenza wake, na mpangilio umegeuzwa nyuma mbele. Kosa la kusahau kugeuza halionekani kwa macho katika orodha ndefu ya herufi, na linaharibu kila kitu.

Kisha pitisha mchoro kwenye programu ya kuiga mwendo wa molekuli. CanDo hutoa makadirio ya haraka ya umbo na sehemu zinazoyumba. OxDNA huenda ndani zaidi, na matokeo yake huangaliwa kwa oxView katika kivinjari. Ukiona bapa linasokoteka au pembe moja inapepea, rudi mchoroni.

Hatua ya saba: kuagiza na kuchanganya

Nyuzi za mshono huagizwa kutoka kwa kampuni zinazounda DNA kwa kemia. Usafishaji wa kawaida wa kuondoa chumvi unatosha. Omba ziletwe katika sahani za vishimo 96, uzi mmoja kwa kishimo, zote zikiwa na mkolezo mmoja wa mikromolari 100. Nyuzi 216 zitaenea katika sahani tatu. Panga sahani kwa kufuata mchoro, heliksi kwa heliksi, ili siku ukitaka kubadilisha nyuzi za pembe moja usilazimike kuzisaka. Kwa wanaoagiza kutoka mbali, nyuzi zilizokaushwa husafiri bila barafu na kuyeyushwa zikifika.

Chukua ujazo sawa kutoka kila kishimo na uuchanganye pamoja. Kwa kuwa nyuzi ni 216, mkolezo wa kila uzi ndani ya mchanganyiko ni mikromolari 100 ÷ 216, yaani nanomolari 463. Tunachokitaka mwishoni ni uzi mkuu wa nanomolari 20 na kila uzi wa mshono wa nanomolari 200, mara kumi zaidi. Kwa mikrolita 100, na ikiwa uzi mkuu umeletwa ukiwa wa nanomolari 100, utaweka mikrolita 20 za uzi mkuu, 43.2 za mchanganyiko wa mshono, 10 za bafa (myeyusho unaozuia kiwango cha asidi kisibadilike) iliyokolezwa mara kumi, na 26.8 za maji safi. Ziada ya mara kumi ni ya makusudi: inahakikisha kila mahali panapata uzi wake, na inafidia makosa madogo ya pipeti, ambayo hakuna mkono usioyafanya katika vishimo 216.

Bafa ni TAE, bafa ya kawaida ya maabara za DNA, pamoja na kloridi ya magnesiamu, ambayo katika mchanganyiko wa mwisho iwe milimolari 12.5. Magnesiamu si kiungo cha hiari. Uti wa kila uzi wa DNA una chaji hasi, na tunazipanga heliksi 24 zikiwa zimebanana. Bila ayoni za magnesiamu kutuliza msukumano huo, mstatili haukunjiki. Kwa sababu hiyohiyo, mstatili uliokwisha kukunjika usiuzimue kwa maji matupu.

Weka kichupa kwenye mashine ya PCR, ambayo hupasha na kupoza vichupa kwa mpango uliouweka. Pasha hadi nyuzijoto 90 kwa dakika tano ili mikunjo yote ya bahati mbaya ifunguke, kisha shusha nyuzijoto moja kwa kila dakika mpaka 20. Mpango huo huchukua muda usiozidi saa moja na nusu, na kwa bapa la tabaka moja unatosha. Maumbo manene ya tabaka nyingi, ya aina aliyoianzisha Douglas na wenzake mwaka 2009, yalihitaji siku nyingi za kupozwa polepole, ingawa mwaka 2012 maabara ya Dietz mjini Munich ilionyesha kwamba mengi kati yake hukunjika kwa dakika chache yakiwekwa kwenye joto moja linalofaa.

Hatua ya nane: jeli

Jeli hutenganisha molekuli za DNA kwa ukubwa na umbo zinapovutwa ndani yake kwa umeme. Tengeneza jeli ya agarosi ya asilimia 1.5 hadi 2, ukitumia bafa ya TBE, jamaa wa TAE, nusu nguvu yenye magnesiamu ya milimolari 11, na uiendeshe ikiwa imezungukwa na barafu, kwa kuwa magnesiamu huongeza mkondo wa umeme na joto la jeli linaweza kuyeyusha umbo. Katika njia ya kwanza weka uzi mkuu mtupu, na katika ya pili sampuli yako.

Isome jeli hiyo kwa utulivu. Chini kabisa kuna wingu pana la mwanga: ni nyuzi za mshono zilizobaki. Juu yake unatafuta mstari mmoja mwembamba wenye kingo kali, usio sawa na mstari wa uzi mkuu. Mstari mwembamba maana yake molekuli nyingi zina umbo moja. Mstari wa pili hafifu juu yake mara nyingi ni mistatili miwili iliyoshikamana. Ukungu mrefu usio na mstari ni dalili ya kukunjika vibaya, na mwanga uliokwama ndani ya kishimo ni mabonge.

Ili kuondoa nyuzi zilizobaki, changanya sampuli na ujazo sawa wa myeyusho wa asilimia 15 wa PEG 8000, polima inayozifanya molekuli kubwa zitulie chini, wenye chumvi ya mezani ya takriban milimolari 500, zungusha kwa nguvu ya 16,000 g kwa dakika 25, mwaga maji ya juu, na uyeyushe kilichobaki katika bafa yenye magnesiamu.

Hatua ya tisa: picha

Hadubini ya nguvu za atomu, ambayo hupapasa uso kwa ncha nyembamba sana, ndiyo inayolifaa bapa. Chukua kipande cha mika, kibandike mkanda wa gundi na uuvute. Tabaka la juu litabanduka na kuacha uso mpya ulionyooka kabisa, ambao haujaguswa na hewa wala vumbi kabla ya sekunde hiyo. Dondosha mikrolita chache za sampuli mara moja, ongeza bafa yenye magnesiamu, na upige picha ndani ya maji hayohayo. Mika ina chaji hasi kama DNA, na magnesiamu ndiyo inayozishikanisha.

Pima mistatili kadhaa, si ule mmoja mzuri. Kimo kinapaswa kukaribia nanomita 2, ambao ni unene wa heliksi moja. Ukipata 4, unatazama mistatili miwili iliyopandana. Urefu ukikaribia 96 na upana ukikaribia 70, hesabu imekubali. Mistatili ikipangana ncha kwa ncha, rudi hatua ya tano na uongeze T. Ukiona ufa katikati, kagua nyuzi zinazopita mpasuo. Pembe moja ikikosekana katika kila mstatili, na si katika baadhi tu, kosa liko kwenye kishimo fulani cha sahani, na kwa kuwa ulipanga sahani kwa kufuata mchoro, unaweza kwenda moja kwa moja kwenye safu ya kishimo hicho.